Kutoka Florence hadi Arrakis: Pwani Yenye Mvua Iliyozaa Sayari Isiyo na Maji

Mwaka 1957 mwandishi wa habari wa Kimarekani aitwaye Frank Herbert alikodi ndege ndogo ili ayatazame kutoka angani matuta ya mchanga yaliyo karibu na mji wa Florence, katika pwani ya jimbo la Oregon. Safari hiyo ilikuwa ya kutafuta makala, wala hapakuwa na riwaya mawazoni mwake. Wataalamu wa Wizara ya Kilimo ya Marekani walikuwa wakipanda majani juu ya matuta hayo ili kuuzuia mchanga usizidi kufunika barabara na majengo, na kazi yao ilikuwa imeanza kuzaa matunda. Herbert aliamini kwamba habari hiyo ingewavutia wasomaji. Aliipa makala yake kichwa ambacho kwa Kiswahili tungesema "Waliusimamisha Mchanga Uendao", akamwandikia wakala wake kumweleza alichokiona, na makala yenyewe haikuchapishwa. Kilichochapishwa miaka minane baadaye ni riwaya ya Dune, ambayo jina lake lina maana ya tuta la mchanga. Riwaya hiyo inasimulia habari za sayari ya Arrakis, mahali ambapo mvua hainyeshi, ambapo kumlilia marehemu kwa machozi ni kumtolea sadaka kubwa, na ambapo maiti hukamuliwa maji kwa sababu maji ya mtu ni mali ya kabila lake.

Kisa hiki kimesimuliwa mara nyingi, na kwa kawaida husimuliwa kwa ufupi kwamba mtu aliona mchanga, akabuni jangwa. Maelezo hayo yananitatiza, kwa kuwa yanaliruka jambo kubwa kuliko yote: Florence si jangwa hata kidogo. Ni pwani ya ukungu na mvua. Hivyo swali linalostahili kuulizwa ni hili: mwandishi alichukua nini hasa kutoka mahali alipopaona kwa macho yake, ikiwa jambo kuu la sayari aliyoibuni, yaani ukosefu wa maji, halikuwapo mahali hapo? Jibu ambalo nitalitetea ni kwamba aliazima mwenendo wa nchi na kuiacha sura yake, na naamini kwamba kwa sababu hiyo Arrakis inaaminika kuliko sayari nyingi za bunilizi za kisayansi ambazo waandishi wake walitazama mandhari ya ajabu, wakabadilisha rangi ya anga, wakaongeza mwezi wa pili, kisha wakaridhika.

Mahali penyewe

Matuta ya Oregon yamejipanga kando ya Bahari ya Pasifiki kwa takriban kilomita 64, kutoka Florence upande wa kaskazini hadi karibu na Coos Bay upande wa kusini, na mengine yanafikia kimo cha mita 150 hivi juu ya usawa wa bahari. Mchanga wake umetokana na miamba ya milima ya pwani, ambayo mito kama Siuslaw na Umpqua imeisaga na kuishusha baharini kwa maelfu ya miaka, kisha mawimbi yakaurudisha mchanga huo ufukweni na upepo ukaubeba kuelekea bara. Upepo wenyewe una zamu mbili. Wakati wa joto huvuma kutoka kaskazini na kaskazini-magharibi, na wakati wa baridi dhoruba huja kutoka kusini-magharibi. Mkazi wa pwani ya Afrika Mashariki, ambaye wazee wake walipanga safari za majahazi kwa kufuata kaskazi na kusi, ataelewa mara moja maana ya nchi inayotawaliwa na pepo mbili zinazopokezana. Huko Oregon pepo hizo hujenga tuta kutoka upande mmoja na kulifumua kutoka upande mwingine, na baadhi ya matuta makubwa kabisa yamelala mshazari kwa sababu hakuna upepo mmoja uliofaulu kuyaelekeza.

Mvua inayonyesha hapo ni zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka, kiwango kinachokaribiana na cha kisiwa cha Unguja. Nyuma ya matuta kuna misitu minene ya misonobari na miti ya jamii yake. Kuna maziwa ya maji baridi yaliyotokea kwa sababu mchanga uliziba vijito visifike baharini, na chini ya mchanga wenyewe kuna akiba kubwa ya maji matamu. Katikati ya matuta vimesalia visiwa vya miti, vipande vya msitu ambavyo mchanga umevizunguka pande zote bila kuvifunika bado, na kwingine vilele vya miti iliyokufa vimechomoza juu ya mchanga uliokwisha kuumeza msitu mzima. Mtu anayesimama hapo huona kijani, maji na mchanga kwa mtazamo mmoja, na huona pia kwamba kati ya vitatu hivyo mchanga ndio unaosonga mbele.

Katika barua kwa wakala wake, Herbert alifananisha matuta hayo na mawimbi ya bahari yanayosukumwa na upepo, tofauti yake ikiwa ni mwendo tu: wimbi la maji hukimbia kwa sekunde, ilhali wimbi la mchanga huenda takriban mita 6 kwa mwaka. Akaeleza kwamba mawimbi hayo ya polepole huzamisha misitu, hufukia maziwa na kuharibu mali kama yanavyofanya mawimbi makubwa ya bahari. Nadhani riwaya nzima ilikwisha kuzaliwa ndani ya ulinganisho huo. Mtu aliyekwisha kuuona mchanga kuwa ni bahari yenye saa yake tofauti hahitaji hatua nyingi kuufikia mchanga wenye wanyama wakubwa waishio chini yake, wenye mawimbi yanayosikika, wenye watu wanaojua kuutembelea kwa hatua zisizo na mpangilio ili wasimwamshe mnyama wa chini. Mnyoo mkubwa wa Arrakis, ambao wasomaji huukumbuka kabla ya kitu kingine chochote, ni kiumbe wa baharini aliyehamishiwa mchangani, naye anakubalika kwa sababu mchanga wenyewe ulikwisha kufanywa bahari.

Majani juu ya tuta

Hata hivyo, mnyoo si ushahidi mkubwa. Ushahidi mkubwa umo katika nyongeza iliyowekwa mwishoni mwa kitabu, inayohusu ikolojia ya Arrakis, kurasa ambazo naamini wasomaji wengi huzipitia haraka baada ya kumaliza vita na njama. Humo anasimuliwa Pardot Kynes, mtaalamu wa sayari aliyewafundisha wenyeji namna ya kuibadilisha nchi yao. Kazi inaanza kwa majani yanayoweza kuishi mahali pakavu. Wenyeji wanayapanda kwenye mteremko wa matuta ya zamani, upande usiopigwa na upepo, mahali ambapo mchanga huporomokea. Mteremko huo ukishashikwa na mizizi hauwezi tena kusonga, na kwa kuwa upepo unaendelea kuleta mchanga kutoka upande wa pili, tuta linapanda juu badala ya kwenda mbele, nayo majani yanahamishwa kulifuata kila linapokua, mpaka linafikia kimo cha mita 1,500 na zaidi. Ndipo yanapandwa majani magumu zaidi upande wa upepo, kisha mimea mingine, na hatimaye miti.

Ukiondoa vipimo vya kupita kiasi, hiyo ni kazi ya Florence. Majani yaliyotumika Oregon ni nyasi za pwani za Ulaya, Ammophila arenaria, ambazo zina tabia ya pekee: zikifunikwa na mchanga hazifi, bali hurefusha mashina yake ya chini na kuchomoza upya juu, na kwa kufanya hivyo hukamata mchanga mwingi zaidi. Nyasi hizo zilijenga kando ya ufuko tuta refu la mbele ambalo halikuwapo zamani. Herbert aliiona kazi hiyo, akaielewa mantiki yake, akaibeba hadi kwenye sayari yake karibu bila kuibadilisha. Tuta refu lenye mgongo wa kupindapinda analiita "sif", neno ambalo wanajiografia walilichukua kutoka Kiarabu kwa maana ya upanga, na ambalo msomaji wa Kiswahili atalitambua kwa urahisi, kwa kuwa sisi tunawaita watoto wetu Seif.

Pamoja na majani alichukua pia muda. Kazi ya kuutuliza mchanga huko Oregon haikuwa ya msimu mmoja, na mtu aliyepanda jani la kwanza hakuweza kutarajia kuuona msitu. Kynes anawaambia wenyeji kwamba mabadiliko ya Arrakis yatachukua kati ya miaka 300 na 500, nao wanakubali kuanza, wakijua kwamba wajukuu wa wajukuu wao ndio watakaokaa kivulini. Mimi huona kwamba jambo hili ndilo linalowapa wenyeji hao uzito kuliko ushujaa wao wa vitani. Herbert alikitabaruku kitabu chake kwa wanaikolojia wa nchi kavu, popote walipo na katika zama zozote wanazofanya kazi, na tabaruku hiyo ni deni la mwandishi wa habari kwa watu aliowakuta wakipanda majani.

Gharama ya kuiondoa mvua

Baada ya kuuchukua mwenendo wa mchanga, Herbert aliiondoa mvua. Hatua hii inahitaji kutazamwa kwa makini, kwa sababu ndiyo inayotenganisha kubuni na kunakili, na kwa sababu ina gharama ambayo waandishi wengi hawailipi. Nchi halisi hujibu maswali yake yenyewe. Hakuna anayemuuliza mtu wa Florence hewa ya kupumua inatoka wapi, kwa kuwa msitu uko mbele ya macho yake. Lakini ukiumba sayari ambayo uso wake karibu wote ni mchanga, isiyo na bahari wala misitu, msomaji makini ana haki ya kuuliza oksijeni inatengenezwa na nini, na maji yaliyokuwapo yamekwenda wapi.

Herbert alilijua deni hilo, akalilipa. Katika nyongeza ileile Kynes anauliza swali la oksijeni waziwazi, na jibu linapatikana ndani ya mwili wa mnyoo mkubwa. Kuhusu maji, anagundua kwamba visima vilivyochimbwa mabondeni vilitoa maji kidogo kisha vikanyamaza, jambo linaloonyesha kwamba kuna kitu kinachoyazuia, na kitu hicho ni viumbe wadogo wa mchangani ambao huyafungia maji mbali na uso wa sayari, na ambao baadaye hukua na kuwa minyoo wakubwa. Kwa njia hiyo mnyoo, hewa, ukame na kiungo cha thamani (kwa Kiingereza "spice") ambacho falme zinakigombania vyote vinakuwa mnyororo mmoja, na huwezi kugusa pete moja bila kuzitikisa nyingine. Sentensi inayowekwa kinywani mwa Kynes, kwamba kazi kuu ya ikolojia ni kuelewa matokeo, imetokana na mwanaikolojia wa Kimarekani Paul Sears, nayo inaeleza pia namna riwaya ilivyojengwa. Mtu anaweza kubishana na kemia ya mnyoo huyo, lakini hawezi kusema kwamba mwandishi alilikwepa swali.

Miaka ya kulipa deni hilo ilikuwa mingi. Sehemu za kwanza zilianza kutoka katika jarida la Analog mwezi Desemba 1963, na hati kamili ilikataliwa na wachapishaji zaidi ya 20 kabla ya kupokewa mwaka 1965 na Chilton, kampuni iliyojulikana kwa vitabu vya kutengeneza magari.

Nchi iliyoazimwa pamoja na watu wake

Hadi hapa nimekisifu kitabu, na ninakisifu kwa moyo wote. Kuna mahali, hata hivyo, ambapo uazimaji wake unanisumbua. Ukame ambao Florence haikuwa nao Herbert aliutafuta kwingine, katika vitabu kuhusu majangwa ya Uarabuni na watu wake, na katika historia ya vita vya Imam Shamil dhidi ya Warusi huko Kaukazi katika karne ya 19. Alipoyaleta majangwa hayo, aliyaleta pamoja na lugha. Wenyeji wa Arrakis wanazungumza juu ya ilm, adab na jihad, wanavaa juba, wanamngojea Mahdi ambaye wanamwita pia Lisan al-Gaib, na shujaa anayejiunga nao anapewa jina la siri la Usul.

Msomaji wa Kiswahili hukutana na maneno haya kwa namna ambayo msomaji wa Kiingereza hawezi kukutana nayo. Kwa yule wa pili ni sauti za mbali, zinazomwambia kwamba sasa yuko jangwani. Kwetu ni elimu na adabu tunazowafundisha watoto, ni juba la shekhe, ni mambo ya ghaibu, ni usuli wa jambo. Tena tumeyapokea na kuyalea maneno hayo katika pwani ya mikoko na minazi, yenye vuli na masika, ambako yalifika kwa majahazi, kwa biashara, kwa ndoa na kwa vyuo vya Kurani. Kwa hiyo Kiswahili chenyewe ni ushahidi dhidi ya dhana iliyojificha ndani ya uazimaji huu, kwamba mchanga na ukame huzaa lugha fulani na imani fulani, na kwamba ukitaka msomaji ahisi jangwa inatosha kumsikilizisha Kiarabu. Ni kweli kwamba Herbert aliwapa watu wake historia ya kuhamahama kutoka sayari hadi sayari kabla ya kufika Arrakis, na kwa hiyo hakusema kwamba imani yao imeota mchangani, lakini msomaji haihisi historia hiyo kwa nguvu anayoihisi sauti ya maneno.

Lipo pia pengo la upande wa pili. Matuta ya Oregon yalikuwa na wenyewe kabla ya Wizara ya Kilimo kufika: Wasiuslaw, Waumpqua wa Chini na Wacoos, ambao majina yao yamebaki kwenye mito na ghuba za eneo hilo. Hao hawamo katika habari ya kuutuliza mchanga, na sura yao haionekani juu ya matuta ya Arrakis. Haimaanishi kwamba Herbert hakuwajua watu wa asili wa pwani hiyo. Rafiki yake Howard Hansen, aliyekulia miongoni mwa Waquileute wa jimbo jirani la Washington, alizungumza naye juu ya ukataji wa misitu na hatari ya nchi nzima kugeuka jangwa, na mazungumzo ya namna hiyo yalichangia hofu iliyomo kitabuni. Ila hofu ya watu wa msitu ilipoingia katika riwaya ilivikwa nguo za watu wa jangwa. Ninapowaza juu ya kitabu ambacho Herbert angeweza kukiandika kama angewaacha watu wa pwani hiyo waseme kwa sauti yao, ninasikitika kidogo.

Macho ya kamera na macho ya rada

Filamu zimeufanya usahaulifu huo kuwa mkubwa zaidi. Ile ya mwaka 1984 ilipigwa katika matuta ya Samalayuca, kaskazini mwa Meksiko, na ile ya mwaka 2021 ilipigwa Wadi Rum nchini Jordan na katika jangwa la Abu Dhabi. Siwalaumu watengenezaji, kwa sababu kamera inahitaji sura, na sura ya ukame iko huko. Lakini mtazamaji anayetoka katika ukumbi wa sinema akiamini kwamba Arrakis ni Uarabuni iliyorushwa angani amepewa nusu ya kisa tu. Mchanga anaouona ni wa Wadi Rum, na kanuni zinazouendesha ni za Florence.

Kinachonifurahisha ni kwamba wanasayansi wa sayari wanafanya kazi kwa njia inayofanana na ya Herbert. Chombo cha Cassini kilipoanza kuupiga rada mwezi wa Titan, ambao ni wa sayari ya Zohali, kilionyesha karibu na ikweta yake milia mirefu myeusi, ambayo watafiti waliitambua kuwa ni matuta kwa kuilinganisha na matuta ya Namib na ya Rasi ya Arabia. Punje za huko si za mawe, ni za kemikali za kaboni zilizoganda katika baridi kali, na uvutano ni mdogo kuliko wetu, lakini upepo unaosukuma punje hutii mantiki ileile. Baadhi ya nyanda za Titan zimepewa rasmi majina ya sayari zilizomo katika vitabu vya Herbert, na mojawapo inaitwa Arrakis.

Mfano wa Shela na wa Ngorongoro

Ikiwa funzo la kisa hiki ni kuutazama mwenendo kabla ya sura, basi linaweza kujaribiwa katika nchi tunazozijua. Matuta ya Shela, kisiwani Lamu, ni meupe na mazuri, na mwandishi mwenye haraka angeyafanya mandhari ya sayari ya kupendeza. Lakini kazi yake kubwa haionekani. Mvua hupenya ndani ya mchanga na kukaa chini yake, juu ya maji mazito ya chumvi yanayotoka baharini, na kutokana na tabaka hilo jembamba la maji matamu mji wa Lamu umenyweshwa. Ukijenga ovyo juu ya matuta, au ukivuta maji kuliko mvua inavyoyarudisha, chumvi inapanda. Mwandishi wa bunilizi ya kisayansi angeweza kuchukua jambo hilo moja na kulivuta hadi mwisho wake: sayari ambayo maji yote matamu yanaelea juu ya bahari ya sumu, yakishikiliwa na mchanga tu, na ambayo kila nyumba inayojengwa ni kisima kinachoharibiwa. Sheria za ardhi za sayari hiyo, ndoa zake, vita vyake na dua zake zingejiandika kutokana na ukweli huo, na hapangekuwa na haja ya kuazima jangwa la mtu mwingine.

Au uchukuliwe Mchanga Unaohama wa Ngorongoro, karibu na Bonde la Olduvai. Ni tuta jeusi lenye umbo la mwezi mwandamo, lililotokana na majivu ya volkano ya Ol Doinyo Lengai, lenye chuma kingi kiasi kwamba punje zake hushikamana. Linasafiri kuelekea magharibi kwa takriban mita 15 hadi 20 kila mwaka, kasi kubwa kuliko ile iliyomshangaza Herbert, na linasafiri bila kuvunja umbo lake, likiiacha tambarare ya majani nyuma kama lilivyoikuta. Wamaasai hulihesabu kuwa ni mahali patakatifu. Matuta ya Florence hufukia, na hili hupita. Sayari inayojengwa juu ya mchanga unaopita ingekuwa na falsafa nyingine kabisa kuhusu mipaka, mali na kumbukumbu.

Majani yanapong'olewa

Sehemu ya mwisho ya kisa hiki haimo katika riwaya ya mwaka 1965, ingawa Herbert aliikaribia katika kitabu cha tatu cha mfululizo wake, kilichotoka mwaka 1976, ambamo Arrakis imeanza kuwa ya kijani na unyevu huo, uliotamaniwa kwa vizazi, unawaua minyoo ambao uhai na utajiri wa sayari unawategemea. Huko Oregon jambo la jamaa yake lilikuwa likitendeka kimyakimya. Nyasi za Ulaya zilifanikiwa kupita matarajio ya waliozipanda. Tuta la mbele ambalo zililijenga kando ya ufuko liliukata mchanga mpya usiingie bara, na upepo uliokosa mchanga wa kuleta ukaanza kuuondoa uliopo nyuma ya tuta hilo mpaka ukafikia usawa wa maji ya ardhini. Hapo pakawa na tambarare ya majimaji, na penye maji pakaota vichaka, na penye vichaka ikaota misonobari. Matuta yaliyokuwa yakiuzamisha msitu yakawa yanazamishwa na msitu.

Mwaka 1972 Bunge la Marekani lililifanya eneo hilo kuwa hifadhi ya taifa ya mapumziko, wakati matuta yenyewe yakiendelea kupungua. Mwaka 1993 ndege mdogo wa pwani ya Pasifiki anayetaga juu ya mchanga mtupu, wa jamii ya viparara, aliingizwa katika orodha ya viumbe walio hatarini, na majani hayohayo ni miongoni mwa sababu, kwa kuwa yalimnyang'anya uwazi anaohitaji ili amwone adui kabla hajafika.

Leo, katika pwani ambayo Herbert aliiona kutoka angani, watumishi wa idara ya misitu na watu wa kujitolea wanang'oa nyasi zilizopandwa na watangulizi wao. Mahali pengine hutumia matingatinga kulibomoa tuta la mbele, na mahali pengine hung'oa kwa mikono, shina moja baada ya jingine, kwa sababu kipande cha shina kinachobaki ardhini huota upya. Pale ambapo kazi imekamilika, upepo wa kaskazini-magharibi unapoanza kuvuma, mchanga huondoka tena ufukweni kuelekea bara, na ndege yule hutaga mayai yake, yenye rangi ya mchanga, ndani ya kijishimo alichokiparua mahali pa wazi.